Panya Katika Jahazi

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kwamba kila mnyama anahitaji chakula, maji na mahali pa kukaa ili aweze kuishi. Katika somo hili tutamchunguza mnyama mmoja anayevipata vitu hivyo hata katikati ya bahari.

Fikiri juu ya jahazi lililofungwa gatini Tanga, tayari kwenda Wete katika kisiwa cha Pemba. Ndani ya ngama, yaani tumbo la jahazi mnamowekwa shehena, yamepangwa magunia ya mahindi na maharage. Kwenye tezi pana pipa la maji ya kunywa na kapu la vyakula vya mabaharia. Nahodha ameyahesabu magunia yote. Usiku, upepo ukiwa umetulia, anasikia kitu kikikwaruza chini ya mbao. Asubuhi gunia moja limetobolewa. Punje zimemwagika, na juu yake pana vinyesi vyeusi vinavyozidi kidogo ukubwa wa punje ya mchele. Jahazi limeingia panya.

Nchi kavu panya akifukuzwa hukimbilia nyumba ya jirani. Jahazini hakuna jirani. Watu, chakula, maji na panya wote wamo ndani ya mbao zile zile, wamezungukwa na bahari. Jambo hili ni hatari, lakini pia lina faida kwetu sisi tunaojifunza, kwa sababu mahali palipozungukwa na maji tunaweza kuzijua njia zote anazopita panya. Nyumbani njia hizo ni nyingi mno.

Panya wa majahazini

Panya anayeonekana zaidi katika vyombo vya baharini ni panya mweusi. Mwili wake ni mwembamba, masikio yake ni makubwa, na mkia wake ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa. Yeye ni hodari wa kupanda. Hupanda mlingoti, hutembea juu ya kamba, na hukaa katika mikunjo ya tanga. Panya wa kahawia ni mnene zaidi, mkia wake ni mfupi kuliko mwili, na hupenda kukaa chini karibu na maji. Huyu ni mwogeleaji mzuri sana. Wote wawili asili yao ni Bara la Asia, nao walienea duniani kwa kusafirishwa na watu pamoja na mizigo. Meli na majahazi ndiyo yaliyowafikisha katika bandari nyingi.

Tazama meno ya panya katika picha au katika fuvu, kama shule yenu inalo. Mbele ana meno manne marefu, mawili juu na mawili chini. Meno haya hayaachi kukua. Kama hayakusagika, yangerefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka mmoja, na panya asingeweza kufunga kinywa. Kwa hiyo panya huguguna hata vitu asivyokula, kama mbao, kamba, ngozi, na hata mabomba ya risasi. Usifikiri kwamba anafanya hivyo kwa ukorofi tu.

Panya huona vibaya vitu vilivyo mbali, lakini husikia na kunusa vizuri mno. Jamaa yao mmoja, panyabuku, hufunzwa mjini Morogoro kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Usiku panya hutembea akiwa amejibana ukutani, sharubu zake zikigusa ubao. Akipita njia ile ile kila usiku, mafuta ya manyoya yake huacha mstari mweusi. Baharia mwenye macho makali huutafuta mstari huo kabla ya kutega mtego.

Jike hubeba mimba kwa muda wa siku 21 hadi 23 tu. Kwa kawaida huzaa watoto sita hadi wanane, nao watoto hao huweza kuzaa wakifikia umri wa miezi mitatu hivi. Sasa fanya hesabu. Jahazi limekaa bandarini wakati wa masika, nalo lina panya dume mmoja na jike mmoja. Jike amezaa watoto sita, na watatu kati yao ni majike. Baada ya miezi mitatu kila binti naye amezaa watoto sita. Je, wamekuwa panya wangapi? Ni 26, nasi bado hatujahesabu watoto wengine aliowazaa yule mama wa kwanza katika muda huo. Ndiyo sababu nahodha anayesema, "Ni panya wawili tu, waacheni," hafanyi hesabu vizuri.

Panya huingiaje?

Njia ya kwanza ni kamba zinazolifunga jahazi gatini. Kwa panya mweusi kamba ni barabara. Njia ya pili ni ubao wa kupandia watu, hasa ukiachwa usiku. Njia ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi: panya hupakiwa na watu wenyewe. Hulala katikati ya magunia, ndani ya makuti, ndani ya matenga ya vitunguu au katika mizigo ya makumbi, na wachukuzi humwingiza jahazini mabegani mwao.

Njia ya nne ni kuogelea. Mwaka 2004 watafiti wa New Zealand walimwachilia panya mmoja dume wa kahawia katika kisiwa kidogo kisichokuwa na panya. Walitaka kujua ni vigumu kiasi gani kumkamata panya aliye peke yake. Walimfunga kidude cha redio ili wajue alipo, wakamwekea mitego, wakamtafuta kwa mbwa. Panya yule alivuka mita 400 za bahari akafika kisiwa kingine. Alikamatwa baada ya wiki 18. Kama wataalamu wenye redio na mbwa walihangaika hivyo kwa panya mmoja, ni afadhali kumzuia asiingie kuliko kumtafuta akiisha kuingia.

Hasara na hatari

Chakula kilicholiwa ni hasara, lakini chakula kilichochafuliwa ni hasara kubwa zaidi. Panya mmoja hula kidogo tu kwa usiku mmoja, bali mkojo, vinyesi na manyoya yake huharibu mara nyingi ya kile alichokula. Gunia lililotobolewa humwaga nafaka kila linapoinuliwa.

Hatari ya pili imo katika chombo chenyewe. Unajua kwamba katika maungio ya mbao za jahazi fundi hushindilia pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasipenye. Kazi hiyo huitwa kutia kalafati. Panya jike anayetafuta nyuzi laini za kutandikia kiota chake huivuta pamba akiifikia. Hutafuna pia matanga, kamba za kupandishia foromali, na nyaya za umeme katika majahazi ya siku hizi yenye injini. Kamba iliyoliwa nusu huonekana nzima kwa mbali. Hukatika siku ya upepo mkali, wakati inapohitajiwa zaidi. Maboya ya kuvaa nayo yakaguliwe, kwa maana mikanda yake ni ya nyuzi, na hayafunguliwi mara kwa mara.

Hatari ya tatu ni magonjwa. Mkojo wa panya huweza kuwa na vijidudu viitwavyo leptospira. Vijidudu hivyo vikiingia katika maji, na maji hayo yakanywewa au yakagusa jeraha, mtu huweza kupata homa kali, na pengine kuharibika figo na ini. Baharia anayefua maji machafu ya ngama kwa ndoo huku ana kidonda mguuni yumo hatarini.

Lakini ugonjwa uliowatisha mabaharia kuliko yote ni tauni. Mgonjwa wa tauni hupata homa kali, na mara nyingi huvimba mitoki mapajani, kwapani au shingoni. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aliviona vijidudu vya tauni mjini Hong Kong. Ilijulikana kwamba panya pia hufa kwa ugonjwa huo. Swali lilibaki: ugonjwa hutokaje kwa panya ukamfikia mtu ambaye hakuumwa na panya wala hakumgusa?

Jibu lilipatikana mwaka 1898 katika bandari ya Karachi, ambayo leo imo nchini Pakistan. Majahazi kutoka huko yalikuwa yakija Zanzibar na Mombasa kwa upepo wa kaskazi. Daktari mmoja Mfaransa, Paul-Louis Simond, alimweka panya mgonjwa mwenye viroboto katika chombo kikubwa cha kioo. Kisha akamtundika panya mzima humo humo, ndani ya kizimba kidogo cha waya. Panya hao hawakuweza kugusana, lakini kiroboto aliweza kuruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Panya mgonjwa alikufa. Baada ya siku chache yule mzima naye akafa kwa tauni. Simond hakutosheka na hapo. Alirudia jaribio akiwatumia panya wagonjwa wasio na viroboto, na safari hiyo panya wazima hawakuambukizwa. Hapo alijua kwamba mchukuzi wa tauni ni kiroboto.

Zingatia jaribio lile la pili. Bila hilo asingeweza kusema kwamba viroboto ndio sababu, kwa kuwa huenda ingekuwa hewa ya chombo kile. Wakati huo watu wengi hawakumsadiki.

Katika mwaka ule ule wa 1898 tauni iliingia Madagaska kwa njia ya meli, katika bandari ya Toamasina, na mpaka leo haijakwisha nchini humo. Nchini Tanzania tauni ilianza kutokea katika wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikaendelea kurudi kwa miaka mingi. Siku hizi tauni ina dawa, na mgonjwa anayefikishwa hospitali mapema hupona. Anayechelewa huweza kufa.

Sasa fikiri: panya akifa, kiroboto wake hufanya nini? Damu ya mzoga hupoa, naye kiroboto huondoka kutafuta mwili wenye joto. Jahazini mwili huo ni wa baharia aliyelala juu ya mbao. Kwa hiyo ukiwaona panya wengi wamekufa bila kuuawa na mtu, iwe ni jahazini, ghalani au nyumbani, usiwaguse. Ondoka mahali hapo, ukamwambie mtu mzima ampashe habari Bwana Afya. Wataalamu huanza kwa kuwaua viroboto, ndipo huwaua panya.

Kuwashinda panya jahazini

Kazi huanza kabla ya safari. Katika kila kamba ya gatini huvishwa bati la mviringo, lenye upana wa sentimita 90 hivi, mbali kidogo na gati na mbali kidogo na jahazi. Panya akifika kwenye bati hana pa kushika kucha, wala hawezi kulizunguka. Labda umeona mabati kama hayo katika nguzo za ghala la nafaka kijijini. Kazi yake ni ile ile. Bati dogo halifai kitu, kwa sababu panya hulivuka. Ubao wa kupandia huondolewa jioni. Magunia hukung'utwa na kutazamwa kabla ya kuteremshwa ngamani, jambo ambalo wachukuzi wenye haraka hawalipendi, lakini nahodha mwema hulisimamia mwenyewe.

Panya akiwa amekwisha kuingia, tumkumbuke kama mnyama mwenye mahitaji matatu. Chakula cha mabaharia huwekwa katika madebe yenye vifuniko vya kubana. Makombo hayaachwi sitahani usiku. Mahali pa kupikia hufagiliwa kila baada ya chakula.

Kuhusu maji, hapa bahari inatusaidia. Panya mweusi na panya wa kahawia huhitaji kunywa kila siku, nao hawawezi kuishi kwa kunywa maji ya chumvi. Jahazi limezungukwa na maji, lakini kwa panya ni kama jangwa. Hunywa matone yanayovuja kwenye pipa, maji ya mvua yaliyotuama katika mkunjo wa tanga, na umande. Pipa likifunikwa, bomba lake likazibwa vizuri, na tanga likatandazwa likauke, panya huteseka kwa kiu kuliko kwa njaa. Kufunika pipa kunamlinda pia baharia na ile homa tuliyoitaja. Lakini jahazi likipakia madafu, nguvu hiyo yote hupotea. Unaweza kueleza kwa nini.

Makazi ndiyo kazi ngumu. Viota vimo chini ya mbao za sakafu, nyuma ya magunia yasiyosogezwa, na ndani ya kamba zilizokunjwa zikaachwa miezi. Wakati ufaao ni pale jahazi linapopandishwa pwani maji yakijaa, ili maji yakipwa liegemee ubavu, na mafundi walikwangue na kulipaka deheni. Siku hiyo ngama ni tupu. Mbao za sakafu hung'olewa, viota hutolewa na kuchomwa moto, na ngama huoshwa kwa maji na sabuni. Tundu lolote linalopitisha kidole gumba huzibwa kwa kipande cha bati. Usizibe kwa kitambaa wala kwa mbao laini, maana panya atakula kizibo chako.

Mitego huwekwa kandokando ya ubavu wa jahazi, katika ule mstari mweusi. Panya huogopa kitu kigeni. Kwa hiyo mtego huwekwa siku mbili au tatu ukiwa na nazi iliyochomwa au dagaa bila kutegwa, ndipo hutegwa. Anayeuondoa mzoga avae mifuko ya plastiki mikononi, kisha anawe kwa sabuni. Mzoga ufukiwe nchi kavu.

Paka ni msaidizi wa zamani wa mabaharia. Hata harufu yake huwafanya panya waogope. Lakini paka hafiki chini ya magunia, na paka anayeshibishwa samaki hana haraka ya kuwinda. Asitegemewe peke yake.

Sumu jahazini ni jambo la kuogopwa. Chombo huyumba, na sumu huweza kumwagika ikachanganyika na mchele. Panya aliyekula sumu hufia chini ya mbao pasipofikika, akanuka safari nzima. Paka naye akimla panya huyo huweza kufa. Zamani meli kubwa zilifukizwa moshi wa salfa, watu wote wakiwa wametoka. Kazi hiyo ni ya wataalamu tu. Vyombo vinavyosafiri kati ya nchi na nchi hukaguliwa na maofisa wa afya wa bandari na kupewa hati. Tangu mwaka 2007 hati hiyo haihusu panya peke yao bali usafi wote wa chombo, na hudumu kwa miezi sita.

Visiwa vidogo

Panya hashuki gatini tu. Katika visiwa vidogo wako ndege wa baharini wanaotaga mayai chini, kwa sababu tangu zamani hapakuwa na mnyama wa kuyala. Panya mweusi akishuka katika kisiwa kama hicho, hula mayai na makinda. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kilikuwa na panya weusi. Mwaka 1997 waliangamizwa. Hata hivyo, chombo kimoja tu kinachotia nanga hapo, chenye jike mmoja aliye na mimba ndani ya tenga, kingeweza kuirudisha hali ya zamani.

Kazi ya kufanya

Jioni, nyunyiza majivu membamba sakafuni kando ya ukuta wa ghala au stoo ya shule. Asubuhi tazama nyayo. Mguu wa mbele wa panya una vidole vinne, na wa nyuma una vitano. Chora ulichokiona. Panya walipita katikati ya chumba au kandokando? Usiguse vinyesi kwa mikono. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Maswali

1. Kwa nini panya huguguna mbao ingawa mbao si chakula chake?
2. Kama Simond asingefanya jaribio la pili, mtu angeweza kumpinga kwa kusema nini?
3. Nahodha ameweka mabati katika kamba tatu, lakini ya nne ameiacha. Je, amepunguza hatari kwa robo tatu? Eleza.
4. Jahazi moja limepakia chumvi na jingine limepakia madafu. Lipi litakuwa rahisi zaidi kulikinga na panya, na kwa nini?